Kimeng'enya Kilichofungiwa Nje

Jumatatu, 13 Januari 2025

Shule imefunguliwa. Vumbi kila mahali, madawati bado yamerundikwa kwenye kona. Nangwa haijaona mvua ya maana tangu Krismasi na mahindi ya watu yameanza kujikunja.

Kidato cha Tatu nimewaanzishia seli. Marudio tu. Nimechora duara kubwa ubaoni, ndani yake duara dogo. Utando, saitoplazimu, kiini. Nikasema kiini ndicho chenye maelekezo ya seli nzima. Loveness, msichana anayekaa mbele, akanyoosha mkono. Akauliza: kama kiini nacho kimezungushiwa utando wake, kinajuaje mambo ya nje? Nani anakipelekea habari?

Swali zuri. Nikajibu nilivyosoma chuoni: kuna vimeng'enya vinavyobeba ishara. Jambo likitokea nje, kimoja kinaamshwa, kinamwamsha mwenzake, mpaka habari inafika. Vingine huingia ndani ya kiini vyenyewe, vikatoka tena. Akaandika. Darasa likaendelea.

Mimi sikuendelea. Nilisimama na chaki nikiwaza kwamba namweleza huyu mtoto habari za mwili wangu, naye hajui. Hapa shuleni wanajua wawili tu: mkuu wa shule, na mwalimu Alfredi wa kemia anayenishikia vipindi nikienda kliniki.

Nina saratani ya damu. Mwaka wa nne sasa. Ilianza na uchovu, kisha jasho la kulowanisha shuka, kisha bandama ikavimba mpaka sketi hazifungi. Niliamini ni mimba! Hermani naye aliamini. Tulikuwa na miezi michache tu ya ndoa na tulifurahi kama wajinga, mpaka kipimo cha damu kilipotoka na daktari wa hospitali ya Katesh akaondoka chumbani kwenda kumwita mwenzake.

Tangu hapo kidonge kila siku, baada ya chakula, na maji mengi. Asubuhi macho yanavimba. Misuli ya miguu inakaza. Zaidi ya hapo mimi ni mtu kama watu — nafundisha, nalima bustani yangu, namgombeza Hermani kwa viatu vyenye mbolea.

Wiki ijayo kliniki.


Alhamisi, 23 Januari

Naandika nikiwa nyumba ya wageni, karibu na hospitali ya rufaa. Sitaki kuchelewa kuandika nikasahau hata chembe. Nimeona kitu leo!

Daktari Eva, anayeniangalia tangu mwanzo, alimaliza mambo ya kawaida: uzito, bandama, damu. Majibu mazuri. Akauliza kama nina swali. Kawaida nasema sina. Leo, labda kwa sababu ya Loveness, nikasema ninalo. Nimemeza dawa ya kuzuia kimeng'enya miaka hii yote, na mimi ni mwalimu wa baiolojia, lakini sijawahi kuuliza hicho kimeng'enya kilikosea nini.

Alinitazama kidogo. Kisha akasogeza kompyuta yake ikanielekea.

Ilikuwa video ya seli hai, zimepigwa picha chini ya hadubini. Giza, na ndani ya giza maumbo kama viazi. Kimeng'enya kimewekewa alama ya kung'aa kijani. Mwanzoni ukijani umetapakaa seli nzima, ila katikati pana doa jeusi. Hicho ni kiini, hakina kitu. Halafu wataalamu wakatia dawa fulani kwenye sahani. Na ule ukijani ukaanza kwenda! Polepole. Pembeni pakafifia, katikati pakawaka, mpaka kikawa kiini kinachong'aa peke yake gizani. Baadaye dawa ikasafishwa, na ukijani ukatoka tena, ukatapakaa kama mwanzo.

Niliomba aonyeshe tena. Na tena. Nilikuwa nimeshika meza.

Nimechora duara ndani ya duara ubaoni tangu nianze kazi. Sikujua kwamba kuna watu wanapita pale mlangoni muda wote. Nilijua kwa maneno. Kujua kwa maneno si kujua.

Daktari Eva akanieleza bila haraka. Hiki changu, kikiwa kizima, kina kazi pande zote mbili. Nje ya kiini kinasaidia seli kukua na kujongea. Ndani ya kiini kinashughulikia hatari: maelekezo ya seli yakiharibika, kinashiriki kuitikia, na uharibifu ukizidi kinaweza kuchangia seli ijiue kuliko kuzaa seli mbovu. Kinaingia na kutoka kutegemea hali.

Kwangu mimi, kwenye uboho, katika seli moja tu, kromosomu mbili zilikatika. Vipande vikabadilishana mahali. Hakuna anayejua kwa nini. Si laana, si chakula, si kitu nilichofanya. Kimeng'enya kikazaliwa kimeunganishwa na kipande cha protini nyingine. Na kikiwa hivyo, hakikai ndani ya kiini. Kimefungiwa nje. Kibaya zaidi, hakizimiki. Kinaiambia seli kua, gawanyika, usife. Seli inatii. Watoto wake wanatii. Mpaka bandama inajaa.

Kidonge changu kinakwenda kukaa pale ambapo kimeng'enya hupokea nguvu yake. Kinakaba hapo tu.

Halafu akasema jambo ambalo limenifuata njia nzima mpaka kitandani. Zamani kidogo, kwenye maabara, watu walipata njia ya kukifanya kile kimeng'enya kigonjwa kiingie kwenye kiini na kubaki humo. Seli ikafa. Kile kile kilichokuwa kinaikataza seli isife, kilipowekwa ndani, kiliiua.

Nikasema, kwa hiyo ni mahali tu. Akasema mahali si kila kitu, lakini ni jambo kubwa kuliko tulivyofikiri tukiwa shuleni.

Basi nikiwa bado na ule ukijani machoni, nikauliza swali ambalo sikupanga.

"Daktari, naweza kuzaa?"

Alifunga kompyuta. Alivuta kiti.

"Mwalimu, kwa zaidi ya miaka miwili ugonjwa wako uko chini sana, kipimo kinauona kwa shida. Wako wanawake kama wewe waliosimamisha dawa chini ya uangalizi, wakashika mimba, wakazaa salama. Na wako ambao ugonjwa umerudi mimba ikiwa katikati. Siwezi kukuambia utakuwa yupi."

Nikauliza kwa nini nisimeze tu na mimba ikiwepo. Akasema dawa haichagui. Kimeng'enya kile kile, kikiwa kizima, kipo kwa mtoto, na kuna vimeng'enya vingine, ndugu zake, ambavyo dawa inavikaba pia. Wakati viungo vinajengwa, mtoto anavihitaji.

Nikauliza kama mtoto atarithi. Hapana. Kosa liko kwenye damu yangu, haliko kwenye yai.

Na ugonjwa ukirudi? Mara nyingi dawa huushusha tena. Mara nyingi, akarudia, si mara zote. Alitaka nilisikie vizuri hilo neno.

Haliko kwenye yai. Nimeliandika tena ili nilitazame.


Jumapili, 26 Januari

Nimemwambia Hermani baada ya misa. Tulikuwa tunarudi kwa miguu, mlima Hanang umevaa wingu mpaka kiunoni. Nilianza na video. Nikamweleza ukijani ulivyoingia. Alisikiliza vizuri, akauliza kama seli zile zilijua zinatazamwa. Halafu nikamweleza lile lingine.

Tulifika nyumbani, akavua shati la kanisani, akaenda zizini. Alikaa huko mpaka ng'ombe wote wakakamuliwa. Kwao ni Wabarbaig, watu wa ng'ombe. Yeye na dada yake tu ndio walibatizwa. Akiwa na jambo zito huwaambia ng'ombe kwanza.

Aliporudi alisema hataki nifikiri kwamba yeye ndiye anayetaka. Mama yake akiuliza habari za mtoto, amekuwa akimjibu mwenyewe ili asinifikie mimi, miaka yote hii. Sikujua! Kisha akauliza mimi nataka nini.

Nikasema nataka. Nimeogopa kusema neno hilo kwa sauti tangu ile siku ya Katesh.

Akasema basi tuende kumwambia mama yangu kule Tlawi. Asisikie kwa watu.


Jumamosi, 8 Februari — Tlawi

Baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Ukungu umelala juu ya ziwa na vitunguu saumu vya Mama vimesimama vizuri. Tulimkuta shambani. Alinawa mikono, akatupokea, Hermani akampa shikamoo na kukaa chini kama mkwe mwema.

Mama hapendi mambo kuzungushwa. Nikamwambia. Alikuwa ameanza kumenya viazi. Akaendelea kumenya. Baba amekufa zamani, kaka yangu Tomaso yuko Daudi na familia yake, kwa hiyo ile nyumba ilikuwa na sauti ya kisu tu.

Nikajaribu kumweleza kwa Kiiraqw. Ni kazi! Kimeng'enya hakina jina kwetu. Nikasema kuna kitu kidogo ndani ya damu kinachopeleka habari, changu kimefungiwa nje ya chumba, kwa hiyo kinapiga kelele bila kukoma, na dawa inakinyamazisha. Nikiacha dawa huenda kikabaki kimya, huenda kikaanza tena.

Mama akauliza kama kikianza tena nitakufa. Nikasema huenda dawa ikakinyamazisha tena. Akasema hakuuliza hilo.

Nikasema, naweza kufa, ndiyo.

Akaweka kisu chini. Akasema kwa Kiswahili, ili Hermani naye asikie:

"Mimi nina mtoto tayari. Ni wewe."

Akakichukua tena kisu, akapika. Alitupakulia vizuri, akampa Hermani nyama kubwa. Mimi hakunitazama. Najua alivyonikuta kule shambani mwaka ule ugonjwa ulipoanza, nimeanguka kwenye matuta, akanibeba mgongoni mpaka barabarani nikiwa mtu mzima mwenye ajira. Analiona hilo kila akinitazama.

Tunalala huku. Kesho tunaondoka.


Jumatano, 5 Machi

Leo sikumeza.

Daktari Eva ameruhusu kwa simu baada ya majibu mengine mazuri. Damu itapimwa mara kwa mara. Nilikula ugali na maziwa mgando, nikanyoosha mkono kwenye rafu kwa mazoea, nikaurudisha.

Basi tu. Mvua imenyesha.


Jumapili, 23 Machi

Mifupa inauma. Mabega, nyonga. Niliogopa sana — nikampigia daktari. Anasema huwapata wengi wanaoacha dawa hii, huisha yenyewe. Mwili unazoea.

Lakini macho hayavimbi tena! Asubuhi nimejiona kwenye kioo cha Hermani cha kunyolea. Sura ya msichana wa chuo. Hermani ameniita mara mbili kwa sababu nilikuwa nimesimama tu.

Mama hapigi simu. Nikipiga anapokea, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anaaga.


Jumanne, 15 Aprili

Majibu: kipimo hakikioni kimeng'enya. Kimya kabisa.

Nafikiria jinsi kilivyo humo. Hakijafa chote, daktari ameniambia wazi. Huenda kuna seli chache zimelala kwenye uboho, zikiwa bado na kimeng'enya hicho. Wanasayansi hawajui vizuri kwa nini kwa wagonjwa wengine hukaa kimya maisha yote na kwa wengine huamka baada ya miezi. Hawajui! Nilipenda alivyosema. Nafundisha watoto kana kwamba kila kitu kimeshajulikana, kilichobaki ni kukariri.


Jumatatu, 16 Juni

Nilishajua mwilini. Leo zahanati wamethibitisha.

Nina mimba.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi juani. Watu wanapita na alizeti. Niliweka mkono tumboni, hakuna kitu cha kushika bado, na nikawaza jinsi ilivyoanza. Seli moja. Utando, saitoplazimu, kiini, kama ubaoni. Zikawa mbili. Zikawa nne. Na katika kila moja kile kimeng'enya changu kipo, kizima, kilivyotakiwa kuwa, nusu ya maelekezo yake kutoka kwangu na nusu kwa Hermani. Kinaingia, kinatoka. Hakuna anayekiambia saa ya kuingia. Sasa hivi, nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati, mahali fulani ndani yangu seli zinaambiwa kua na zinakua, na nyingine zinaambiwa kufa na zinakufa ili vidole viachane. Vidole! Seli za katikati hufa kwa amri, ndipo mkono unapatikana.

Na kwenye uboho wangu, mwili huo huo, kile kingine kimelala. Wawili wenye jina moja. Hawajuani.

Sikulia. Watu wanadhani nililia. Nilikuwa na kicho, kama kanisani wakati kengele ndogo inapigwa na kila mtu anainamisha kichwa.

Hermani nilimkuta anamchoma sindano ndama mwenye homa. Nilimwambia akiwa amemshika kwa magoti. Alimaliza kwanza kumchoma, akamwachia, ndipo akakaa chini pale pale kwenye mavi.


Ijumaa, 25 Julai

Mama mkwe amekuja, ametembea kutoka kwao uwandani na kibuyu cha maziwa. Hermani alikuwa amemwambia kila kitu, pamoja na ugonjwa. Miaka yote hakuujua.

Kiswahili chake ni kidogo, Kibarbaig changu kidogo zaidi. Nilimpa shikamoo, akanipaka mafuta kidogo kwenye paji la uso, akakaa. Akauliza, Hermani akitafsiri, kama ugonjwa utamla mtoto. Nikasema hapana, hauvuki kwenda kwake.

Akatikisa kichwa. Halafu akauliza mwenyewe kwa Kiswahili:

"Na wewe?"

Nikasema tunaangalia. Akasema naye ataangalia. Amelala hapa siku kadhaa. Asubuhi hukamua, mchana hunitazama.

Majibu ya mwezi huu: kimeonekana. Kidogo sana. Daktari Eva anasema hatushtuki bado. Nimemwambia Hermani peke yake.


Jumanne, 12 Agosti

Kimepanda tena. Bado kidogo.

Darasani leo nilikuwa nafundisha moyo na nikasahau upande upi unapeleka damu kwenye mapafu. Wanafunzi walinikumbusha kwa adabu.

Sijui kama ninachosikia ni uchovu wa mimba au ule mwingine. Unafanana mno. Nagusa ubavu wa kushoto kila nikijifunga khanga. Naogopa kuikuta bandama.


Jumatano, 27 Agosti

Amecheza! Nilikuwa nimekaa ofisini nasahihisha, kitu kikagonga kwa ndani, kidogo, kama kidole kinachojaribu kitambaa. Nilibaki na kalamu juu. Mwalimu Alfredi akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, kuna mtu anabisha. Akaangalia mlangoni.


Alhamisi, 18 Septemba

Nyumba ya wageni ile ile. Hermani yuko kitanda cha pili amelala na viatu.

Kimepanda sana kuliko mwezi uliopita. Daktari Eva alisema kwa mdomo wake, hakuzunguka. Chembe nyeupe nazo zimeanza kuongezeka. Kimeamka. Kinapiga kelele yake.

Nilisikia hasira, tena hasira ya ajabu, kama ya kumkasirikia mtoto mtukutu. Hakijui lolote, hakinichukii. Kimekaa mahali pasipo pake na kinasema neno moja.

Kabla ya kuzungumza zaidi walituingiza kwenye altrasaundi. Hermani hakuwa amewahi kuingia. Alivua kofia. Mpimaji akatuonyesha uti wa mgongo kama kamba ya shanga, moyo wenye vyumba vyote vinne, kisha mkono. Ulikuwa umefumbwa. Ukafumbuka. Vidole vitano vimeachana, kimoja kimoja. Hermani alivihesabu kwa Kibarbaig, kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nawaza zile seli za katikati zilizokubali kufa. Sikuweza kumwambia mtu.

Tuliporudi kwa daktari alitupa njia mbili. Ya kwanza, tungoje na kupima, tukiomba kisipande haraka mpaka mtoto azaliwe, kisha nirudi kwenye vidonge. Ya pili, sindano. Ni dawa tofauti, ya zamani, haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kumfikia mtoto. Itanipa homa, maumivu ya mwili, labda na huzuni, wengi huichukia. Huenda ikakishusha, huenda ikakishikilia tu kisipande. Huenda isitoshe.

Nikauliza inafanyaje kazi. Hermani alinitazama kama mtu anayemwona mkewe akiuliza bei ya kitambaa nyumba ikiungua. Lakini nilihitaji.

Akachora kwenye kona ya karatasi ya kufunikia kitanda. Duara, na ndani duara dogo. Dawa hii, mfano wa kitu ambacho mwili hujitengenezea ukipata mafua, haiingii ndani ya seli kabisa. Inafika kwenye utando, inashika mahali pake, inakaa pale nje. Kwa ndani, vimeng'enya vilivyokuwa vimekaa chini ya utando vinaamka. Vinazibandika alama protini fulani zinazoelea jirani. Zikishabandikwa zinashikana mbilimbili, zinapita mlango wa kiini, zinaingia, zinasoma maelekezo. Na seli inapunguza mbio.

Kwa hiyo vidonge vilikwenda kukiziba mdomo. Sindano inapeleka habari nyingine chumbani, ikipita njia ile ile ambayo chenyewe hakiwezi kupita.

Nilitazama ule mchoro. Siku nzuri kama hii, mbaya kama hii, na mimi nilikuwa nastaajabu! Kwamba yote hayo yanatendeka. Kwamba yametendeka ndani yangu tangu nizaliwe, kila nilipopata mafua, na sikuwahi kushukuru.

Nikachagua sindano.

Daktari akauliza nani atanichoma, kwa maana ni mara kadhaa kila wiki, na zahanati yetu ina nesi mmoja. Friji wanayo, dawa itakaa huko. Hermani akasema yeye. Amechoma ng'ombe tangu akiwa mdogo. Daktari Eva hakucheka. Alimpa sindano tupu na kipande cha sponji, akamfundisha kushika ngozi, kuinamisha, kusukuma taratibu. Hermani alirudia mpaka sponji ikaharibika.

Nimempigia Mama. Niliona bora asikie kwangu. Nikamwambia kimeamka, nikamwambia mtoto ana vidole.

"Nakuja," akasema. Akakata.


Jumamosi, 20 Septemba

Mama alifika kabla yetu. Tumemkuta jikoni kwangu na mama mkwe, hawana lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili ambacho wote wawili hawakipendi, wanapika. Ameniangalia tumbo kwanza. Kisha uso. Akaniambia nimekonda, nikae.

Sijamuuliza kama amenisamehe. Ameleta nguo za kitoto alizoshona, na shuka zito kwa ajili ya homa yangu. Vyote kwenye mfuko mmoja.

Nesi wa zahanati ameleta dawa ya leo kwenye chupa ya chai yenye barafu. Jua bado lipo, linaingia kwa dirisha la magharibi mpaka kitandani. Hermani ameosha mikono. Amerudi kuosha tena. Kina mama wamesimama mlangoni, amewaomba watoke. Wamerudi nyuma hatua moja.

Nimekaa, khanga imepandishwa, paja liko wazi. Hermani amepiga magoti. Mikono hii nimeiona ikimchoma dume aliyeshikwa na wanaume wanne, haikutikisika. Sasa inaiinua sindano, inairudisha, inaiinua tena.

Anasema ng'ombe hakutazami machoni. Ameniomba nisimwangalie, ndiyo sababu naandika.

Nawaza kule inakokwenda. Itafika kwenye utando, itashika, itakaa nje. Ndani wataamka. Watapita mlangoni. Saa ngapi? Labda kabla sijapata homa. Labda chakula kikiwa bado hakijaiva, habari itakuwa imeshafika.

Au haitatosha. Daktari alisema huenda.

Spiriti ni baridi. Mtoto amegeuka, ananipiga upande wa kulia, hana habari. Mama ameanza kusali kwa Kiiraqw, chini chini, na mama mkwe amesimama karibu naye amemshika kiwiko.

Hermani ameshika ngozi kama alivyofundishwa. Amesema, "Sasa."

Nimesema ndiyo, sijainua kichwa.